Utando Ukigeuka Gamba: Makovu ya Dayalisisi ya Tumbo ya Miaka Mingi

Mheshimiwa Mwenyekiti, madaktari, wauguzi wa vitengo vya figo, na nyinyi ndugu zetu mnaobadilisha maji nyumbani pamoja na wenzi na watoto wanaowashikia mifuko, habari za asubuhi.

Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo wagonjwa wengi hulisikia kwa mnong'ono: kwamba ukikaa miaka mingi na dayalisisi ya tumbo, yaani kusafisha damu kwa kuingiza na kutoa maji tumboni figo zikishindwa, tumbo "linakakamaa". Wapo wanaoambiwa hivyo na mgonjwa mwenzao kwenye benchi la kliniki, wakarudi nyumbani usingizi usije. Wapo ambao hawaambiwi kabisa mpaka yamewafika. Leo tutalitaja kwa jina na kwa namba zake, na tutakaa zaidi pale penye kazi ya kufanya, yaani kwenye daftari la maji, na kwenye miaka inayofuata baada ya mpira wa kupitishia maji kutolewa tumboni. Hapo pa pili ndipo watu wanapopotelea.

Tuanze na utando wenyewe. Aliyewahi kumchuna mbuzi ameuona: ngozi nyembamba inayong'aa, imetanda ndani ya ukuta wa tumbo na kuuvika utumbo wote. Kwa mtu mzima, ukikunjuliwa wote eneo lake linakaribia lile la ngozi ya mwili mzima, meta za mraba moja na nusu hadi mbili. Juu una safu moja ya seli zenye utelezi, ambazo kazi yake ni kuuacha utumbo ucheze bila kugandamana. Chini ya safu hiyo kuna tabaka la nyuzi za kolajeni lenye vishipa vidogo vya damu. Kwa mtu mzima wa afya tabaka hilo lina unene wa maikromita 50 hivi, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita.

Samaki akipakwa chumvi hutoa maji. Glukosi iliyo kwenye mfuko hufanya kazi hiyohiyo: huvuta maji kutoka kwenye vishipa kupitia utando, na urea, kreatinini na potasiamu zinafuata. Mifuko minne ya lita 2 kwa siku ni lita 8. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 2,900, na kwa miaka minane zinapita 23,000. Mfuko dhaifu kuliko yote, wa asilimia 1.36, una gramu 27 za glukosi. Ule mkali wa asilimia 3.86 una gramu 77. Hapa tutie neno kwa wenye ndugu walioanzia matibabu Marekani: kule mfuko huohuo huandikwa 1.5, na ule mkali huandikwa 4.25. Tofauti ni namna ya kuipima glukosi, ikiwa na maji yake au ikiwa kavu. Kilichomo ni kilekile. Rangi za vifuniko nazo hubadilika kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo soma namba.

Glukosi haiko peke yake kwenye lawama. Maji ya kawaida ya dayalisisi yana uchachu, pH yake ni kama 5.5, nao uliwekwa makusudi. Mfuko lazima upitishwe kwenye joto kali kuua vijidudu, na bila uchachu huo glukosi ingeharibika zaidi na kuwa kahawia kama shira iliyoungua. Hata hivyo sehemu yake huharibika, na mabaki yake, mojawapo ni methilglayoksali, ni sumu kwa zile seli za juu. Seli zikiumizwa kila siku, nyingine hubanduka, nyingine hugeuka tabia na kuanza kufuma nyuzi za kovu. Vishipa vipya vya damu vinachipua, na kuta za vile vya zamani zinanenepa.

Watafiti walioratibiwa kutoka Cardiff, Wales, walikusanya vipande vya utando kutoka kwa wagonjwa na kuvipima, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Kwa wenye afya tabaka lilikuwa maikromita 50. Kwa wenye figo zilizoshindwa ambao hawajaanza dayalisisi lilikuwa tayari limefika 140, maana ugonjwa wa figo wenyewe hunenepesha utando kabla mfuko wa kwanza haujaning'inizwa. Waliokuwa kwenye dayalisisi ya tumbo chini ya miaka miwili walikuwa na 180. Waliopita miaka minane, 700. Hiyo ni mara kumi na nne ya hali ya kawaida.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnong'ono wa kliniki unapokosea. Unene huo, kovu hilo la kawaida, karibu kila mgonjwa wa muda mrefu anao kwa kiasi fulani, na wengi huishi nalo bila kuziba utumbo. Ugonjwa tunaouogopa ni mwingine. Vitabu vya kitabibu huuandika kwa herufi tatu, EPS, kifupi cha Kiingereza "encapsulating peritoneal sclerosis". Ndani yake utando haunenepi tu, bali unashikana, unauzungushia utumbo gamba jeupe, kisha gamba linajikaza. Waganga wa upasuaji walilifananisha na kifukofuko cha nondo. Utumbo uliomo ndani hauwezi kujikunjua wala kusukuma chakula mbele. Anayeupata haugui kwa sababu damu haikusafishwa. Anaugua kwa sababu hali chakula, na hatimaye ni njaa na maambukizi vinavyomaliza.

Gamba la namna hii lilijulikana kabla ya dayalisisi. Lilielezwa mwaka 1907. Kwa wagonjwa wa dayalisisi ya tumbo liliripotiwa mwaka 1980, miaka minne tu baada ya Popovich na Moncrief kule Austin, Texas, kueleza njia ya kuacha maji tumboni mchana na usiku. Baadhi ya wahalifu wa mwanzo walikamatwa. Maji yaliyotengenezwa kwa asetati badala ya lakteti yaliachwa. Dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini, iliyopulizwa kwenye maungio ya mirija, ikateremka tumboni kidogo kidogo kila siku, nayo ikaachwa. Kulikuwa pia na dawa ya moyo iitwayo praktololi, iliyofunga matumbo ya watu miaka ya 1970 hata wasiokuwa na ugonjwa wa figo. Vyote hivyo vimeondoka, ugonjwa ukabaki. Ndiyo maana leo macho yako kwenye muda, glukosi na maambukizi.

Wataalamu wengi huueleza kwa mapigo mawili. Pigo la kwanza ni miaka: utando umechoka, seli za juu zimepungua, vishipa vinavuja protini. Hapo bado mtu yuko sawa. Pigo la pili ni tukio: maambukizi makali ya tumbo, au kuacha dayalisisi ya tumbo, au kupandikizwa figo. Protini ya faibrini, ileile inayogandisha damu kwenye kidonda, inatoka kwenye vishipa vinavyovuja na kulala juu ya utando uliochubuka kama uji wa wanga unaokaukia sufuriani. Faibrini hiyo ndiyo gundi. Kovu huja baadaye na kuigeuza ngozi.

Kwa nini kuacha dayalisisi kuwe pigo? Kwa sababu mgonjwa alipokuwa anabadilisha maji mara nne kwa siku, alikuwa pia anaosha tumbo. Faibrini ilikuwa inatoka na maji. Siku anapohamia mashine ya kusafisha damu au anapopata figo mpya, uoshaji umekoma, lakini mavujo hayakomi siku hiyohiyo.

Namba za Japani zinaliweka wazi jambo hili kuliko maelezo yetu. Hideki Kawanishi na wenzake walifuatilia wagonjwa 1,958 kwa miaka minne, kuanzia 1999. Waliopata EPS walikuwa 48, asilimia 2.5. Kati ya hao 48, 33 waliupata baada ya kuacha dayalisisi ya tumbo. Tunarudia: theluthi mbili waliupata wakati hawabadilishi tena maji. Kwa waliokaa chini ya miaka mitatu hakupatikana hata mmoja. Kwa waliofikisha miaka mitano ilikuwa asilimia 0.7, minane 2.1, kumi 5.9, na waliopita kumi na mitano 17.2. Wagonjwa 18 kati ya wale 48 walifariki.

Baadaye Wajapani walifuatilia kundi jingine la watu 1,338 waliotumia maji mapya yasiyo na uchachu, yale ya mfuko wenye vyumba viwili unaovunja kizuizi cha katikati na kuchanganya kabla ya kuingiza. Humo EPS ilikuwa asilimia 1.0. Tusikimbilie kuyapa maji mapya sifa zote, kwa sababu siku hizi watu pia hawakai miaka kumi na mitano. Lakini anayeweza kuyapata ayatumie. Yana faida nyingine pia, hulinda mkojo uliobaki.

Tuje kwenye daftari.

Kila anayebadilisha maji nyumbani huandika yaliyoingia na yaliyotoka. Wengi huliandika kwa sababu muuguzi ataligonga muhuri. Tunaomba lisomwe, na tunaomba liandikwe kwa ukweli. Mfuko ulioandikwa lita 2 mara nyingi hubeba zaidi kidogo, maji ya ziada ya kusafishia mrija kabla ya kuingiza. Asiyesafisha mrija akayaingiza yote, kisha akaandika "yameingia 2,000", jioni atajikuta amepata mililita mia na zaidi ambazo hazikutoka mwilini mwake. Kwa siku ya mifuko minne kosa hilo linaweza kuficha nusu lita. Dawa yake ni mizani ya kuning'iniza: pima mfuko kabla, pima uliojaa baada ya kutoa, ondoa uzito wa plastiki tupu. Kilo moja ni lita moja, hesabu imekwisha.

Mnachotafuta kwenye daftari ni mteremko, siku moja mbaya haitoshi. Mwezi wa kwanza mfuko wa kati ulitosha usiku. Miezi sita baadaye unahitaji mkali. Mwaka baadaye mikali miwili, na miguu bado inavimba. Kabla ya kuulaumu utando, uliza maswali ya nyumbani. Maji yanatoka kwa matone na mgonjwa anahangaika kugeuka ubavu? Hilo ni la mpira: umehama, umezibwa na faibrini, au choo kigumu kimeusukuma. Dawa ya kulainisha choo imeokoa mipira mingi kuliko upasuaji. Maji yanatoka kwa kasi, yanaisha mapema, na ni machache? Hilo sasa ni la utando. Kuna na la tatu: yanavuja kwenye ukuta wa tumbo, paja au korodani linavimba.

Likielekea kuwa la utando, kuna kipimo, na kinafanyika kwenye kitengo chochote chenye mfuko mkali na maabara ya kawaida. Mgonjwa analala na maji tumboni usiku, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Asubuhi anayatoa akiwa ameketi, dakika 20 kamili. Analala chali, mnaingiza lita 2 za asilimia 3.86 kwa dakika 10, na kila mililita 400 zikiingia anageuka upande mmoja kisha wa pili, ili maji yaenee. Papo hapo toa mililita 200 kwenye mfuko, changanya kwa kuupindua mara kadhaa, chukua 10 za maabara, rudisha zilizobaki. Rudia baada ya dakika 60. Baada ya saa mbili chukua na damu. Baada ya saa nne toa yote kwa dakika 20, pima ujazo, chukua sampuli ya mwisho. Iambieni maabara kwamba haya ni maji ya dayalisisi, maana kwa njia ya zamani ya kupima kreatinini, glukosi nyingi huipandisha kwa uongo, na inabidi kurekebishwa.

Kisha mnaangalia vitu viwili. Cha kwanza, ujazo: kama yametoka ya ziada chini ya mililita 400, utando umeshindwa kuvuta maji. Cha pili ndicho kinachosahauliwa: sodiamu ya saa ya kwanza. Maji huingia tumboni yakiwa na sodiamu milimoli 132 hivi kwa lita. Kwenye kuta za vishipa kuna vijitundu viitwavyo akwaporini vinavyopitisha maji matupu, chumvi ikabaki nyuma. Vikifanya kazi, maji hayo yanaizimua sodiamu iliyo tumboni, ikashuka kwa 5 au zaidi ndani ya saa moja. Ikishuka kwa 2, au isiposhuka kabisa, maji matupu hayapiti.

Mtu ataniuliza, si hata mgonjwa mwenye utando mwepesi, ambaye glukosi yake hunyonywa haraka, naye hupata maji machache? Ndiyo, na tofauti yake ndiyo thamani ya kipimo hiki. Kwa huyo mwepesi, glukosi imeishia kwenye damu, hakuna cha kuvuta. Akifupishiwa muda wa maji kukaa tumboni, au usiku akapewa maji ya ikodekstrini, aina ya wanga isiyonyonywa upesi, anapata nafuu. Kwa mwenye kovu, glukosi inavuta lakini maji yanakwama kwenye nyuzi. Mkiongeza ukali wa mfuko kwa huyo, mnalisha kovu. Mgonjwa ambaye kwa miaka alikuwa tulivu, kisha kwa vipimo viwili vinavyofuatana sodiamu yake imekataa kushuka, apangiwe kikao, si miadi ya kawaida ya miezi mitatu.

Kipimo hicho hakimwambii mtu "utapata EPS". Hakipo kinachosema hivyo. Hata picha ya CT kwa asiye na dalili haisaidii. Wapo waliokuwa na picha safi, na kabla ya mwaka kwisha utumbo ukafungwa.

Dalili zinapoanza, zinaanza kwa adabu. Mtu anashiba kwa vijiko vitano vya wali. Tumbo linajaa gesi baada ya kula, linauma, linaacha, linauma tena. Kichefuchefu, siku mbili hana choo, ya tatu anaharisha. Nguo zinalegea. Maji ya dayalisisi yanatoka na wekundu wa damu. Kwa mwanamke anayepata hedhi hilo laweza kuwa la mwezi tu, kwa hiyo uliza tarehe, lakini kwa mwingine usilipuuze. Maabara inaonyesha albumini inashuka, kipimo cha uvimbe cha CRP kimepanda bila jipu lolote, na hemoglobini inagoma kupanda hata sindano zikiongezwa. Ndani ya miezi kunaweza kuwa na maji yaliyojitenga vyumba vyumba tumboni, kisha kutapika kwa kuziba kabisa.

Kwa aliyepandikizwa figo, dalili hizi husingiziwa vidonge. Anaambiwa tumbo linasumbuliwa na dawa za kulinda figo, anapewa ya vidonda vya tumbo, anapoteza kilo kumi. Na kwa Afrika Mashariki kuna mtego mkubwa zaidi: kifua kikuu cha tumbo. Kinakondesha, kinajaza maji, kinanenepesha utando, na chenyewe kinaweza kutengeneza gamba lilelile. Msichague kimoja kwa kubahatisha. Chukueni maji yapimwe seli na yaoteshwe, na ikibidi kipande cha utando. Anayeanzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe inayoshusha kinga ya mwili, huku ana kifua kikuu ambacho hakijatambuliwa ameumizwa na matibabu.

Wakati huu sasa picha ya CT ina kazi. Fomu ya kuombea picha iandikwe wazi: "alifanya dayalisisi ya tumbo miaka mingapi, aliacha lini". Bila hayo, mtaalamu wa picha ataandika "utumbo umetanuka kidogo" na kufunga faili. Akijua, atatafuta utando ulionenepa, chembe za chokaa juu yake, maji yaliyofungiwa, na utumbo uliokusanyika katikati kama umefungwa kwenye kanga.

Matibabu tutayapitia kwa haraka, maana sehemu kubwa ni ya hospitali. Aliye bado kwenye dayalisisi ya tumbo huhamishiwa mashine ya damu. Lishe ndiyo nguzo: mlo mdogo mdogo usio na makapi, na kama haupiti, chakula cha mshipani, mapema, kabla hajawa mifupa. Aliyekaa wiki na njaa asijazwe chakula kwa siku moja. Fosfeti na potasiamu hushuka ghafla na moyo ukasimama. Prednisoloni, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa siku, ina nafasi wakati wa uvimbe, CRP ikiwa juu. Gamba likishakauka hailiyeyushi. Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, hutumika kwa sababu hupunguza ufumaji wa kovu, mara nyingi miligramu 20 hadi 40 kwa siku. Uholanzi waliotumia walionekana kuishi kwa wingi kuliko wasiotumia, ila walikuwa wachache na hawakugawanywa kwa kura. Huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, kwa hiyo asipewe mtu bila kuulizwa historia yake.

Upasuaji ni kwa ajili ya utumbo ulioziba, na si kazi ya zamu ya usiku. Daktari akifungua tumbo haoni utumbo. Anaona kitu kimoja cheupe, kigumu, kinachong'aa kama yai lililomenywa. Analitoboa gamba mahali pamoja, anatafuta ule mpaka mwembamba kati ya kovu na ukuta wa utumbo, na analichambua polepole, kama mtu anayebandua ule utando wa ndani ya ganda la yai bila kupasua yai. Pindo kwa pindo, meta kwa meta, mara nyingi muda wa saa saba au zaidi. Kishawishi ni kukata kipande kibaya na kuunga ncha, kama kwenye kuziba kwa kawaida. Hapo ndipo wagonjwa walipokuwa wakifa: ncha hizo hazishiki, zinavuja. Ndiyo maana kazi hii imekusanywa kwenye vituo vichache, Hiroshima kwa Japani, Manchester na Cambridge kwa Uingereza, ambako mikono imezoea. Na hata huko utumbo unaweza kujifunga tena. Hiroshima walipoona hivyo wakaanza kuyashona mapindo ya utumbo yakae sambamba, ili yakishikana tena yasipinde.

Je, la kuzuia lipo? Yapo, na mengi yako jikoni. Mgonjwa anayekula chumvi nyingi ana kiu, akinywa anavimba, akivimba anaongeza mfuko mkali. Kila gramu ya chumvi iliyoachwa kwenye ng'onda, achari na mchuzi wa kiungo cha paketi ni glukosi iliyopungua tumboni. Chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, tena ikihesabiwa na ile iliyojificha. Mwenye mkojo bado apewe furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, ya kutosha, maana nusu lita ya mkojo inaondoa haja ya mfuko mkali mmoja. Ikodekstrini, ikipatikana, ikae ule muda mrefu wa siku badala ya glukosi kali.

Maambukizi: maji yakitoka na ukungu, usisubiri kesho. Seli nyeupe zaidi ya 100 kwa maikrolita, na zaidi ya nusu zikiwa za aina ya nyutrofili, dawa ianze siku hiyohiyo. Baada ya siku 5 za dawa sahihi maji yakiwa bado na ukungu, na seli nyeupe hazishuki kuelekea kawaida, mpira utolewe. Tunajua inavyouma kuutoa mpira ambao ni njia pekee ya mtu. Lakini kuung'ang'ania ni kununua wiki mbili kwa bei ya utando mzima.

Na je, mtu aache baada ya miaka mitano? Tamko la Jumuiya ya Kimataifa ya Dayalisisi ya Tumbo, lililohuishwa mwaka 2017, halikuweka kikomo cha miaka, na tunaona walifanya sawa. Mzee wa miaka 74 aliye na miaka sita ya dayalisisi, maji yanatoka vizuri, hapendi kusafiri kilometa tisini kwenda kwenye mashine mara tatu kwa wiki: kumwondoa kwa sababu ya kalenda ni kumtesa bure. Kijana wa 26 aliyeanza akiwa na 19, anayetumia mifuko mikali miwili na sodiamu haishuki, huyo hoja yake ni nyingine kabisa. Kwake hata kumwahisha kwenye foleni ya figo ni sehemu ya kinga. Mazungumzo yaanze mwaka wa tatu au wa nne, mgonjwa akiwa na nguvu, na yasiwe ya siku moja.

Jambo moja kwa wazazi, kwa sababu swali hili huulizwa. Dayalisisi ya tumbo inayofanyika kwa figo zilizosimama ghafla, kwa mtoto mwenye malaria kali au aliyeishiwa maji kwa kuharisha, kama ile iliyoanzishwa hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, mwaka 2009, ni ya siku au wiki. Haya tuliyoyasema leo hayaihusu. Msimkatalie mtoto kwa hofu ya makovu.

Tumalizie na kadi. Anayeacha dayalisisi ya tumbo baada ya miaka kadhaa apewe, siku mpira unapotolewa, kadi ya kukaa kwenye pochi. Tarehe aliyoanza, tarehe aliyoacha, mara ngapi alipata maambukizi, matokeo ya kipimo cha mwisho. Chini yake mstari mmoja: "Nikipungua uzito, nikishiba upesi au nikitapika, fikirieni utando." Ndugu aliyefanya miaka saba huko Leicester au Toronto, akapata figo, kisha akarudi kuishi Mombasa au Unguja, daktari atakayempokea na maumivu ya tumbo miaka mitatu baadaye atamwona mtu mwenye figo nzuri na kovu dogo kando ya kitovu. Kovu hilo halitamwambia kitu. Wauguzi, kadi ziandikwe kwa wino usiofutika, na nakala ibaki kwa jamaa wa nyumbani, maana pochi hupotea.